Mita Isiyolala

Wilibrodi hakuwa na mke tena. Hakuwa na magego ya kutafunia hindi la kuchoma, hakuwa na mtoto aliyeishi karibu, hakuwa na pensheni ya kujivunia, wala hakuwa na rafiki ambaye angemwachia ufunguo wa chumba chake na kusafiri akiwa na moyo mtulivu. Hakuwa na usingizi mzuri. Na tangu umeme uingie nyumbani kwake pale Katandala, aligundua kwamba hakuwa na kitu kingine ambacho zamani hata hakukifikiria: mita ya pili.

Mita ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Ilikaa ukumbini, juu ya mlango wa chumba chake, na ndani ya kioo chake kulikuwa na kigurudumu chembamba chenye alama nyekundu ukingoni. Umeme ukitumika kidogo, alama ilipita kwa unyenyekevu kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Ukitumika sana, ilikimbia. Wilibrodi alikuwa amejifunza kukaa kwenye kiti cha kamba chini yake, gazeti la zamani mkononi, akijifanya anasoma.

Nyumba alikuwa ameijenga mwenyewe. Alikuwa fundi mwashi, na nusu ya maduka ya mtaa wa Majengo yalisimama kwa mwiko wake. Upande mmoja wa ukumbi alikaa yeye na dada yake mkubwa, Kristiana, mjane aliyekuja kutoka Mollo baada ya kuzika mume. Upande wa pili walikaa wapangaji: Mwalimu Rhoda, kijana Timoth, aliyeuza vipuri vya baiskeli, na katika chumba kikubwa cha mwisho alikaa Mayunga, Msukuma mfanyabiashara wa ng'ombe, pamoja na mkewe Sayi na mtoto wao wa kike.

Kodi ya nyumba hiyo ilikuwa na umeme na maji ndani yake. Hilo lilikuwa neno la marehemu mkewe, Bertilla. Siku mafundi walipofunga waya, Wilibrodi alimuuliza mkewe kama wapangaji wachangie umeme kando, na Bertilla akamjibu bila kuinua macho kwenye ungo wake, "Weka ndani ya kodi, tuishi na watu. Mkianza kuhesabiana taa, kesho mtahesabiana chumvi." Mwaka uliofuata Bertilla alifariki. Mayunga alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na akachinja fahali wake kwa ajili ya waombolezaji. Sayi alipojifungua baadaye kidogo, wakampa mtoto jina la marehemu.

Basi kila siku, uani, ilisikika sauti ya Sayi ikiita, "Bertilla! Toka kwenye tope! Bertilla, nani kakupa hicho kisu?" Na Wilibrodi, akiwa chumbani anatafuna polepole kwa meno ya mbele, alikuwa akinyamazisha taya mpaka sauti ile ipite. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba alikuwa anaingoja.

Miaka hiyo soko lilikuwa limefunguliwa. Watu waliokuwa wakipanga foleni kwa kipande cha sabuni kwenye duka la ushirika sasa walikuta Majengo kila kitu kimetandikwa barazani: redio za kaseti, pasi, majiko ya koili, birika za kuchemshia maji kwa umeme. Wenye nyumba walifurahi kuona wapangaji wanapendeza, kisha wakaanza kuogopa. Kila boksi lililoingia chumbani kwa mpangaji lilikuwa mdomo mpya wa kunywa umeme.

Baridi ya Juni ilipoingia, ile ya Ufipa inayomfanya mtu avae koti mpaka jikoni, Wilibrodi aliletewa ankara ya umeme iliyopanda ghafla. Akadhani wamekosea. Mwezi wa pili ikaja kubwa zaidi. Akavaa miwani, akapanda juu ya kiti, akakitazama kigurudumu. Alama nyekundu ilikuwa inakimbia mchana kweupe.

"Kuna mtu ananinyonya," alimwambia dada yake.

"Baridi hii," alisema Kristiana, akichagua ulezi, "kila mtu ananyonya anapoweza."

Alianza na Timoth. Alisubiri kijana aende kuoga, akaingiza mkono dirishani na kuigusa pasi iliyokuwa juu ya meza. Ilikuwa baridi. Timoth akamkuta hapo hapo, taulo shingoni.

"Shikamoo, mzee. Unatafuta nini, mshikaji wangu?"

"Mimi si mshikaji wako. Unapiga pasi mara ngapi kwa juma?"

"Mzee, shati ninazo mbili. Hata nikitaka kukukomoa, nguo zenyewe ziko wapi?"

Kwa Mwalimu Rhoda hakufika mbali. Alisimama nje ya dirisha lake jioni moja akitazama ukubwa wa balbu, na mwalimu akafungua pazia.

"Baba, unataka nisahihishe madaftari gizani?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Umesimama tu."

Akabaki Mayunga. Na huyo, kadiri Wilibrodi alivyomfikiria, ndivyo alivyokaa vizuri kwenye mashaka. Alikuwa na fedha za ng'ombe. Alikuwa mgeni wa nchi. Na majuma machache kabla, yeye na shemeji yake Mboje walikuwa wameingiza chumbani kitu kizito cha pembe nne kilichoviringishwa blanketi kuanzia juu hadi chini. Tangu hapo, mchana, mlango ukiwa umefungwa, ilisikika sauti ndani: krrr, kimya, krrr, krrr, kimya.

Wilibrodi na Mayunga walikuwa wamejipachikia utani wao wenyewe tangu siku ya kwanza. Mayunga alimwita Mfipa mla panya, yeye akamwita Mayunga mkwe wa ng'ombe. Kwa hiyo asubuhi moja alimsimamisha uani kwa uso wa utani.

"Mwangaluka, mzee," alisalimia Mayunga kwa Kisukuma.

"Ndiyo, mkwe wa ng'ombe. Kile mlichoingiza na Mboje ni kitu gani?"

"Ndama."

"Ndama wa blanketi?"

"Ndama wa chuma, mzee! Majani hali, maji hanywi. Anakunywa umeme wako tu. Akikua nitakukatia paja."

Wakacheka wote wawili. Lakini Wilibrodi aliporudi ukumbini kicheko kilikuwa kimekwisha, na maneno yalikuwa yamebaki. Mtu hufanya utani na jambo analolijua, aliwaza. Kwa nini ataje umeme? Mbona sikuuliza umeme?

Jumamosi hiyo wenye nyumba wa mtaa walikutana barazani kwa mwenyekiti wao, Alfonsi. Malalamiko yalikuwa mengi, na Alfonsi, mtu mfupi aliyependa kusimama juu ya ngazi anapozungumza, aliyaweka yote katika swali moja.

"Umeme na maji viwe ndani ya kodi, au viwe nje? Mitaa mingine wameviweka nje. Sisi tunasemaje?"

"Ukiweka ndani," alisema mmoja nyuma, "mpangaji anapika maharage kwa umeme wako, mlango kafunga, harufu tu ndiyo inakusalimia."

Akasimama Marsiana, mama mnene mwenye nyumba karibu na soko. "Vyangu viko ndani. Nimepandisha kodi kidogo, nimewaambia sababu, nalala usingizi. Nyinyi mnaotaka kuweka nje, mita ni moja. Mtagawa kwa vyumba? Kwa vichwa? Mwenye balbu moja atalia, mwenye redio atanyamaza, na wewe mwenye nyumba utageuka askari wa kuchungulia madirisha."

Watu wakacheka. Wilibrodi akahisi kwamba kicheko kinamtazama yeye, akasimama haraka.

"Anayechungulia ana sababu," alisema. "Mimi nina mpangaji mwenye jiko la koili. Ni chombo kidogo, kina waya mmoja uliojiviringa kama konokono, kikishika moto ni chekundu kama jicho la mlevi. Kinakula kuliko balbu za nyumba nzima. Kakiingiza ndani kwa kukifunika blanketi. Sitamtaja. Ila watu wa kwao wamezoea malisho yasiyo na mwenyewe."

Hakumtaja, lakini mtaa mzima ulikuwa na mfanyabiashara mmoja tu wa ng'ombe. Watu waliinamisha macho.

"Umeliona hilo jiko?" aliuliza Marsiana.

"Nimelisikia."

"Umesikia jiko? Jiko linaongea?"

Alfonsi akainua mkono kuzima kicheko. "Mzee Wilibrodi ndiye wa kwanza kuvuta umeme mtaa huu. Achunguze nyumbani kwake atuletee jibu. Atakavyofanya yeye, na sisi tutafanya."

Wilibrodi alirudi nyumbani kifua mbele. Sasa haikuwa ankara tu. Mtaa ulikuwa unamngoja.

Kesho yake, baada ya misa, aliwaita wapangaji wote ukumbini. Kristiana hakumwita, alikuwa uani kwenye kigoda chake, na mtu haiti dada yake mkubwa kwenye ukaguzi. Akaamuru taa zote zizimwe, redio zichomolewe, milango iachwe wazi. Akazima na ya kwake. Kisha akapanda juu ya kiti.

"Tazameni," alisema.

Nyumba ilikuwa na kiza cha mchana. Hakuna kilichowaka. Alama nyekundu ikapita mbele ya kioo, ikazunguka nyuma, ikapita tena, mbio, haina aibu.

"Mzee, hii noma," alinong'ona Timoth.

"Mlango mmoja haukuachwa wazi," alisema Wilibrodi. Na kweli, mlango wa Mayunga ulikuwa umerudishwa. "Nataka kuingia."

Mayunga alisimama mbele ya mlango wake. Mtoto alikuwa mkononi mwake, anachezea kifungo cha shati. Sayi alikuwa nyuma yao. Wilibrodi alimwona mama huyo akitupa jicho uani, upande wa stoo, kisha akafungua mdomo kama anayetaka kusema. Mayunga akamwambia neno moja fupi la Kisukuma. Sayi akafunga mdomo, akatazama chini. Wilibrodi akayapokea yote hayo kama mtu anayepokea risiti.

"Mzee," alisema Mayunga, na utani haukuwapo kabisa katika sauti yake, "ukija hapa peke yako, ukabisha hodi, nitakupa kiti uangalie mpaka uchoke. Lakini nimebeba jeneza la mama kwenye bega hili. Leo unataka kunipekua mbele ya watu?"

"Asiye na kitu haogopi kupekuliwa."

"Siogopi. Nakataa."

"Basi mwisho wa mwezi nataka chumba changu."

"Mwisho wa mwezi mbali, mzee," alisema Mayunga.

Walihama kabla juma halijaisha, kwa lori liendalo Muze, chini bondeni Rukwa, ambako ndugu zake walikuwa wanachunga. Wilibrodi alisimama kwenye kizingiti, mikono nyuma. Walipokuwa wanapakia kile kitu cha blanketi, pembe ya lori ikalivuta blanketi likaanguka. Ilikuwa cherehani ya miguu, nyeusi, ya mitumba. Vipande vya kaki na bluu vilikuwa bado vimenasa kwenye sindano.

"Sare za shule," Mwalimu Rhoda alimwambia bila kuulizwa. "Sayi anashona, ila leseni hana. Ndiyo maana ilifunikwa, baba. Nusu ya darasa langu imevaa mkono wake."

Wilibrodi alishtuka, lakini hakukubali kushtuka mbele ya watu. Kuwa na cherehani hakumzuii mtu kuwa na jiko, alijiambia. Lori likaondoka. Mtoto alikuwa juu ya godoro, ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili, anamtazama bila kumpungia.

Siku iliyofuata Wilibrodi alikaa kula. Akatafuna, akanyamazisha taya, akasubiri. Uani kulikuwa na kuku na maji ya bomba yanayodondoka. Hakuna aliyeita. Akasukuma sahani.

Alikwenda ukumbini kutafuta faraja kwenye mita, kwa maana mwizi alikuwa amekwenda na wizi wake. Timoth alikuwa dukani, Mwalimu Rhoda shuleni, taa zote zimezimwa. Alipanda juu ya kiti, akavaa miwani.

Alama nyekundu ilikuwa bado inakimbia.

Aliingia chumba cha Mayunga. Ukuta kwa ukuta alipapasa, akatafuta waya uliofichwa, akagonga plasta aliyoipiga mwenyewe. Alipata vipande vya uzi na msumari uliokuwa umetundikiwa koti. Basi akarudi kwenye mita na kufanya lile ambalo fundi angelifanya tangu mwanzo kama hasira isingemtangulia: akaufuata waya kwa macho. Mmoja ulikwenda vyumba vya kulia. Mmoja vyumba vya kushoto. Wa tatu ulipanda darini, ukatoboa ukuta, ukatoka nje. Ndipo alipokumbuka. Zamani, walipokuwa wakihifadhi mahindi mengi, alivuta waya huo yeye mwenyewe hadi stoo ya uani ili Bertilla apate kuona panya.

Kwenye mlango wa stoo palikuwa pamechomekwa kitawi cha majani. Kilikuwapo msimu wote wa baridi, kikikauka kinabadilishwa, na Wilibrodi alikuwa amekipita kila siku kwa heshima. Nyumbani kwao Mollo, tangu enzi za mama yao, kitawi mlangoni kilikuwa na maana moja: kimea kimelala. Ulezi umelowekwa, umefunikwa, unaota ili upikwe pombe, na mwanamume haingii humo. Mwanamume akikichungulia kimea, kinaoza. Wilibrodi alipigwa kwa kosa hilo akiwa mtoto, na uzee wake wote haukumfutia ile fimbo.

Alisimama mbele ya kitawi muda mrefu kiasi cha kuona aibu. Kisha akakichomoa, akafungua.

Joto lilimpiga usoni kama la chumba cha mgonjwa. Ndani mlikuwa na harufu tamu ya nafaka inayochipua, magunia yametandazwa, na katikati, chini ya debe la maji yaliyokuwa yanatoa mvuke mwembamba, kiliwaka chombo kidogo chenye waya uliojiviringa kama konokono, chekundu kama jicho la mlevi. Alikifahamu. Mwanawe Theodory alikileta kutoka Mbeya kama zawadi, na Bertilla alikikataa kwa kukiogopa. Boksi lake lilikuwa limekunjwa vizuri, limeegemezwa ukutani.

"Umekiua!" Kristiana alikuwa nyuma yake, mikono kichwani. "Kimea chote! Mzee mzima na miwani yako, umekiua!"

"Dada. Hiki ni nini?"

"Unakiona."

"Kinawaka tangu lini?"

"Tangu baridi. Ulezi hauoti kwenye baridi hii, unakaa tu kama mchanga. Joto la debe linauamsha. Ulikunywa wewe mwenyewe siku ya sikukuu ya parokia, ukajilamba masharubu, ukasema, 'Dada, baridi hii pombe imewahije kuiva?'"

"Mbona hukuniambia ni umeme?"

"Mbona hukuuliza?"

"Niliuliza nyumba nzima!"

"Uliuliza wapangaji. Uligusa pasi ya mtoto wa watu, ukasimama dirishani kwa mwalimu. Mimi ulikuwa unanipita hapa uani kama kigoda." Kristiana alikuwa ameshusha mikono, na sauti nayo. "Nilidhani kinakula kidogo, kidogo tu. Hiyo siku ya ukumbini nikaogopa. Umeshasimama barazani kwa Alfonsi, umeshasema. Nikasema nikimaliza kimea hiki nakizima, na maneno yataisha."

"Na watu wameondoka."

Kristiana aliinama, akakiokota kitawi.

"Sayi alijua," alisema Wilibrodi. Alikuwa amelikumbuka lile jicho lililotupwa uani.

"Ndiye aliyekuwa ananijazia debe. Aliniambia zaidi ya mara moja, 'Mama, mwambie mzee.' Nikamkataza. Na mumewe alijua. Siku ile alimwambia mkewe anyamaze, Kisukuma kidogo nakisikia."

"Kwa nini wanyamaze? Mtu anafukuzwa, ananyamaza?"

"Aseme nini? 'Mzee, mwizi wako ni dada yako'? Mbele ya mwalimu na yule kijana? Wewe ungefanya hivyo nyumbani kwa mtu?"

Wilibrodi aligeukia jiko. Aliinama, akachomoa waya. Koili ikapoteza wekundu wake polepole. Alikwenda ukumbini, akapanda juu ya kiti. Kigurudumu kilikuwa kimesimama, alama nyekundu imekaa upande, haionekani.

Mashaka hayakumwacha kwa mara moja. Yalibadilisha nyumba tu. Labda walikuwa wananicheka, aliwaza. Labda kila jioni mume na mke walikuwa wakilisema lile jiko wanacheka mpaka machozi. Labda Kristiana anawasingizia kujua ili apate wenzake wa kubeba kosa. Alimwuliza Mwalimu Rhoda kwa kuzunguka, na mwalimu akamjibu moja kwa moja kwamba amemwona Sayi mara nyingi akiingiza ndoo stoo. Hapo hakubaki na mahali pa kukimbilia.

Alikwenda kwanza barazani kwa Alfonsi. Alikuta watu wachache, na Marsiana akiwemo, akasema bila kukaa.

"Jiko lipo, ila ni langu. Lilikuwa stoo kwangu, linawashwa na mtu wa kwangu. Mayunga hana kosa."

Marsiana akaguna. "Kwa hiyo ulilisikia kweli, baba. Ila sikio lilikosea mlango."

Safari hii walipocheka, Wilibrodi aliwaacha wacheke.

"Na jibu letu?" aliuliza Alfonsi. "Ndani au nje?"

"Ningekuwa na mita kwa kila chumba, ningesema nje, kila mtu ale chake alipe chake, tusidanganyane. Mita ninayo moja. Kwa mita moja, kuweka nje ni kumtafuta mwizi kila mwezi, na mwezi ambao hayupo utamtengeneza. Mimi naweka ndani. Nyinyi na nyumba zenu mtajua."

Barua ilikuwa ngumu zaidi. Alikaa mezani mchana, karatasi mbele yake, na Kristiana akikoroga uji kwenye mlango. Wilibrodi alijivunia mwandiko wake na barua zake. Aliweza kuandika ya kuomba, ya kudai na ya kukumbusha. Akasoma kwa sauti alichoandika.

"'Kufuatia uchunguzi uliofanyika, imebainika kwamba matumizi ya umeme yalisababishwa na...'"

"Imebainika na nani?" aliuliza Kristiana.

"Ndivyo inavyoandikwa."

"Nani kakosa hapo? Mita?"

Akachana. Akaandika nyingine, akaeleza habari za waya wa tatu na historia yake. Kristiana akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba Mayunga hakuomba kufundishwa ufundi. Hiyo pia ikachanwa. Ya tatu hakuisoma kwa sauti. Ilisema:

"Mayunga, salamu. Aliyekuwa anakula umeme ni sisi wenye nyumba, siyo nyinyi. Nimekosa. Nilikusema mbele ya mtaa, na mbele ya mtaa nimerudi kusema kweli. Najua kwamba mlijua na mkanyamaza kwa heshima yetu. Chumba kipo, sijakipangisha, na watu wameshakiulizia. Umeme na maji viko ndani ya kodi kama alivyotaka marehemu, na kodi yenu ni ile ile. Umeme wa kimea ni juu yangu. Cherehani ije bila blanketi, na hiyo leseni nitakwenda na Sayi kuiombea mimi mwenyewe. Mkipanda huku Bertilla avishwe sweta, baridi haijaisha. Wilibrodi."

Aliirudia kuisoma, akitafuta mahali ambapo mtu angeweza kumcheka. Palikuwa pengi. Akaikunja hivyo hivyo.

Gundi hakuwa nayo. Alichukua tonge la ugali wa mchana, akalilainisha kwa mate na kidole, akapaka mdomo wa bahasha kutoka pembe hadi pembe, akaufunga na kuukandamiza kwa mwiko wake wa uashi kama anayelaza tofali. Akangoja ikauke. Akajaribu kuifungua kwa ukucha, kuona kama mtu angeweza. Ikagoma.

Majengo, mahali malori ya bondeni yanapopakia, alimkuta Mboje, shemeji wa Mayunga, akiwa anafunga turubai. Mboje alimwona akaendelea na kamba yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unashuka Muze leo?"

"Nashuka."

"Mpe Mayunga hii. Mkononi mwake."

Mboje aliipokea kwa mkono mmoja, akaipima uzito. "Ya kumfukuza? Maana huko alikofika, labda umfukuze aingie ziwani."

"Mpe tu."

"Naruhusiwa kujua ina nini?"

"Hapana."

"Imefungwa na nini hii? Inanuka ugali."

"Imefungwa vizuri," alisema Wilibrodi. "Na nikisikia imefunguliwa kabla ya Muze, nitajua ni nani."

Mboje alimtazama, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. Akaitumbukiza bahasha kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akapiga kifua mara moja ili mzee aone kwamba imekaa. Kisha akapanda juu ya mzigo. Lori likanguruma, likatoka, likashika njia ya mteremkoni, na Wilibrodi akabaki amesimama, jicho lake kwenye ule mfuko wa shati, mpaka vumbi likamnyang'anya.